Chagua supamaketi kwa afya ya nyumbani, si kwa ofa ya wiki

Mgonjwa wa kisukari au wa presha hukutana na daktari wake mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi mitatu. Dukani huenda kila wiki. Ule ushauri wa kliniki wa kupunguza chumvi, kupunguza sukari na kuongeza mboga hufuatwa au huvunjwa mbele ya rafu za duka, kabla hata jiko halijawashwa. Kwa mzazi mwenye mtoto mdogo hali ni hiyo hiyo: kinachoingia kwenye kikapu Jumamosi ndicho mtoto atakachokula hadi Ijumaa.

Ndiyo maana wiki hii tunazungumzia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la afya: ni supamaketi ipi uifanye ya kwako. Wengi wetu huchagua kwa bei iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, kwa nafasi ya kuegesha gari, au kwa kuwa duka liko njiani kutoka kazini. Hayo yana maana yake, lakini hayatoshi ikiwa nyumbani kuna mgonjwa, mjamzito, mzee au mtoto chini ya miaka mitano.

Supamaketi yenyewe si adui wala si mkombozi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika miji midogo ya Kenya ya kati, baadhi ikiwa na supamaketi na mwingine ukiwa hauna. Kwa watu wazima, kununua chakula supamaketi kulihusishwa na unene uliozidi. Kwa watoto na vijana picha ilikuwa tofauti: kulihusishwa na kupungua kwa utapiamlo, hasa ule unaoonekana kwa ufupi wa kimo. Duka la aina moja linaweza kumsaidia mtoto na kumdhuru baba yake. Tofauti inatokana na duka ulilochagua na ulichobeba ulipotoka.

Anza na majokofu

Kitu cha kwanza kukagua ni baridi, bei baadaye. Vijidudu vingi vinavyochafua chakula huzaliana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60. Kwa hiyo jokofu la maziwa, mtindi, nyama na soseji linatakiwa lisizidi nyuzijoto 5, na friza iwe chini ya sifuri kwa nyuzi 18. Majokofu mengi ya dukani yana kipimo kinachoonekana. Kisome. Kama hakipo au kimekufa, tumia mkono: paketi ya maziwa freshi isiyo na ubaridi wowote irudishe ulipoitoa.

Zipo dalili nyingine. Vipande vya kuku vilivyogandana kuwa bonge moja, au barafu nene ndani ya paketi, huonyesha kwamba nyama iliyeyuka ikagandishwa tena. Kifuniko cha mtindi kilichofura ni dalili mbaya, na kopo lililovimba usiliguse kabisa. Uliza pia wanafanya nini umeme unapokatika. Duka lenye jenereta linalofanya kazi litakujibu mara moja. Na kama unashuku kwamba majokofu huzimwa usiku ili kuokoa gharama, nenda siku moja asubuhi milango inapofunguliwa, uguse maziwa.

Tahadhari hii ina sababu. Kati ya mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko wa ugonjwa wa listeria uliougua watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200. Machi 2018 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kuwa chanzo ni polony, nyama laini ya kusindikwa inayoliwa bila kupikwa, kutoka kiwanda kimoja. Walioumia zaidi walikuwa watoto wachanga, wengi wakiwa wameambukizwa tangu tumboni mwa mama. Kijidudu hiki kina tabia ya pekee: huweza kuendelea kukua hata ndani ya jokofu. Kwa hiyo mjamzito asile soseji wala nyama za kusindikwa zikiwa baridi. Zipashwe hadi zitoe mvuke.

Wekundu wa nyama nao usikudanganye. Julai 2019 nchini Kenya, uchunguzi wa kituo cha televisheni ulidai kwamba baadhi ya supamaketi zilikuwa zikitumia dawa ya sodiamu metabisalfaiti ili nyama ya zamani ionekane imechinjwa leo. Dawa za jamii hiyo zinaweza kuamsha shambulio la pumu. Duka zuri hukuruhusu kuona mhuri wa mkaguzi wa nyama na hukukatia kipande mbele ya macho yako. Nayo nyama ya kweli hubadilika rangi na harufu siku zinavyopita. Ile inayobaki nyekundu wiki nzima inapaswa kukutia shaka.

Angalia bidhaa zinavyotoka

Duka lenye wateja wengi na mizigo mipya huuza chakula kabla hakijazeeka. Duka linalosuasua hubaki na mzigo wa zamani. Wateja wa Nakumatt wanakumbuka jinsi mwaka 2017 rafu zilivyoanza kubaki tupu, kabla ya mtandao huo wa maduka kufikia mwisho wake mwaka 2020. Muuzaji akishindwa kuwalipa wanaomletea mizigo, mizigo mipya haiji, na wewe unabakiwa na ile iliyokaa. Ukiona rafu zimejazwa bidhaa ya aina moja ili kuficha nafasi, au vumbi juu ya makopo, tafuta duka jingine mapema.

Soma tarehe ya kutengenezwa pamoja na ya kuisha matumizi. Bandiko la bei lililobandikwa juu ya tarehe libandue au liulizie. Ofa ya kununua moja upate ya pili bure mara nyingi huhusu bidhaa inayokaribia kuisha muda. Si kosa ikiwa utaitumia jioni hiyo hiyo, lakini ni hasara ukibeba makopo 6 ya chakula cha mtoto.

Tazama pia mahali bidhaa zilipowekwa. Tanzania huongezwa vitamini A kwenye mafuta ya kupikia, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga. Mafuta yaliyo kwenye chupa angavu yaliyopangwa dirishani kwenye jua hupoteza kile ulichokilipia. Unga, karanga na unga wa lishe vinatakiwa viwe mahali pakavu, juu ya mbao, si sakafuni kwenye unyevu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo haiishi kwa kupika, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Unga wa lishe wenye karanga ukiwa na harufu ya uvundo usimpe mtoto hata kama tarehe bado.

Lebo isomeke

Duka la mgonjwa ni duka ambalo lebo zake zinasomeka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Lebo nyingi haziandiki chumvi, huandika sodiamu. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Paketi ya tambi za haraka yenye miligramu 800 za sodiamu ina gramu 2 za chumvi, karibu nusu ya kiwango cha siku nzima, na hujaweka hata kidonge cha mchuzi.

Sukari ina hesabu yake. Kinywaji chenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 kikiwa kwenye chupa ya mililita 500 kina gramu 50, sawa na vijiko 12 vya chai. Hakuna mzazi atakayechota vijiko 12 na kumlisha mtoto, lakini chupa hiyo hununuliwa bila mtu kushtuka. Neno "juisi" mbele ya boksi halitoshi: viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na kama maji na sukari vinatangulia, hiyo si juisi ya matunda. Ndivyo ilivyo kwa mkate wa kahawia. Rangi inaweza kutokana na kukolezwa. Tafuta unga wa ngano nzima uwe wa kwanza kwenye orodha.

Onyo moja kwa wenye maradhi ya figo: chumvi mbadala zinazouzwa kama salama kwa wenye presha mara nyingi zina potasiamu, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Usiinunue kabla ya kuongea na daktari wako.

Kaunta ya kulipia na maziwa ya kopo

Kwa wazazi, sehemu ngumu kuliko zote ni foleni ya kulipia. Peremende na chokoleti hupangwa kwenye kimo cha macho ya mtoto wa miaka 4, wakati mama amechoka na watu nyuma yake wanasubiri. Hilo limepangwa. Uingereza, katika England, tangu Oktoba 2022 maduka makubwa yamezuiwa kuweka vyakula vyenye mafuta, sukari na chumvi nyingi kwenye kaunta za kulipia, mlangoni na mwisho wa safu za rafu. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini tuna miguu. Kama kuna duka lenye kaunta isiyo na peremende, au angalau foleni moja ya namna hiyo, lipe biashara yako na umwambie meneja sababu.

Jambo la pili ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kanuni za kimataifa zilizopitishwa mwaka 1981 zinakataza kuyanadi kwa wateja kwa punguzo la bei au maonyesho maalumu dukani, na Tanzania ina kanuni zake zinazofuata msimamo huo. Duka linalopanga mnara wa makopo hayo mlangoni pamoja na zawadi ya chupa linavunja kanuni na linamchezea mama ambaye mtoto wake anahitaji maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza.

Usinunue kila kitu mahali pamoja

Hatumwambii mtu ahamishie kikapu chote supamaketi. Supamaketi nzuri inafaa kwa vitu vinavyohitaji baridi, na kwa unga, mafuta na chumvi vyenye lebo ya kueleweka. Mchicha, matembele, nyanya, ndizi, maharage na dagaa mara nyingi ni vipya zaidi na vya bei nafuu zaidi sokoni au kwenye genge la mtaani. Shirika la Afya Duniani linashauri walau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na familia nyingi haziwezi kuzifikia kwa bei za paketi za plastiki. Mwenye kipato kidogo anaweza kula vizuri kuliko mwenye kikapu kilichojaa maboksi. Na kama mtaa wako hauna supamaketi, maswali ni yale yale kwa duka la jumla au la jirani: baridi ikoje, mzigo unatoka, tarehe inasomeka?

Umbali nao uhesabiwe. Chakula cha baridi hakitakiwi kukaa nje ya jokofu zaidi ya saa 2, na kwenye joto la nyuzi 32 kwenda juu ni saa 1 tu. Supamaketi ya bei rahisi iliyo mbali na foleni ya jioni ya Dar es Salaam inaweza kukuharibia kuku na maziwa kabla hujafika nyumbani. Vitu vya baridi viwe vya mwisho kuingia kikapuni, na ukitoka dukani usipitie kwingine.

Rai yetu

Wajibu huu hauwezi kubaki kwa mama mwenye kikapu peke yake. Wenye maduka waweke vipimo vya joto vinavyoonekana kwenye kila jokofu, na waondoe peremende kwenye angalau nusu ya kaunta zao. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, lifanye ukaguzi wa majokofu usiku na asubuhi, si mchana peke yake wakati kila kitu kinang'aa. Lebo ziandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee wa miaka 65 anaweza kuzisoma, na chumvi iandikwe kwa jina lake.

Nasi wanunuzi tutunze risiti. Ukikuta bidhaa iliyoisha muda, irudishe, mwone meneja, na usiporidhika toa taarifa kwa mamlaka. Ikijirudia, hama. Mwenye duka husikiliza zaidi mteja wa kila wiki aliyeacha kuja kuliko mteja aliyelalamika mara moja na kurudi.