Vijiti vya Ketama
Katika video iliyozunguka kwenye simu, mlio wa vijiti kutoka Ketama, milima ya Rif nchini Moroko, unafanana na ngoma ya harusi. Kumbe ni wakulima wanaotengeneza hashishi: bangi iliyokauka huwekwa juu ya kitambaa chepesi kilichowambwa kwenye beseni, hufunikwa plastiki, kisha hupigwa mfululizo hadi vumbi la utomvu lichujike chini. Vumbi hilo hupashwa moto na kushindiliwa kuwa vipande vya kahawia. Mzigo huvukia Ulaya, na faida huenda nao. Mvuja jasho siye mla, ila jela ilikuwa yake. Msamaha wa Mfalme Mohammed VI, Agosti 2024, kwa watu 4,831 wenye kesi za kilimo cha bangi ulikuwa haki iliyochelewa mno. Sheria ya 2021 imeruhusu bangi ya dawa na viwanda, lakini hashishi ya vijiti bado ni haramu.