Sori Yataka Dafrau, Haitaki Jiwe la Msingi



Katika ujenzi wa gati mna vitu viwili. Kimoja huonekana siku ya sherehe, na kingine hufanya kazi siku zote baada ya sherehe. Cha kwanza ni jiwe la msingi lenye jina la mheshimiwa. Cha pili ni dafrau. Jiwe hupigwa picha, dafrau hupigwa na meli. Na kwa kuwa nchi yetu ililelewa miaka mingi ikithamini picha kuliko kazi, hakuna mtu aliyewahi kupita Sori akiomba kura kwa ahadi ya dafrau.

Sisi tunaithubutu. Na tunasema bila kigugumizi kwamba haki ya mvuvi wa Karungu kuuliza habari za dafrau ndiyo kipimo halisi cha mageuzi tuliyoyapigania.

Kwa msomaji ambaye hakuzaliwa ufuoni, dafrau ni kinga iwekwayo baina ya ubavu wa chombo na ukuta wa gati. Chombo hakisimami kama mtu asimamavyo mlangoni. Upepo hukisukuma, mawimbi huking'ang'ania, na nahodha hata akiwa hodari kiasi gani, mwisho wa yote chombo hugusa. Pasipo dafrau, chuma hugusa saruji. Palipo na dafrau, mpira hubonyea ukimeza kishindo, na mbele ya mpira huo husimama paneli pana inayotawanya nguvu ili ubavu wa chombo usitobolewe, na inayouacha uteleze ili usikwaruzwe.

Kishindo hicho si cha kudhaniwa, hupimwa. Tuchukue chombo cha tani 200 kikikaribia gati kwa mwendo wa sentimita 20 kwa sekunde, mwendo ambao mtoto atambaaye aushinda. Kishindo chake ni sawa na magunia manne ya kilo 100 yakiangushwa pamoja kutoka urefu wa mita moja. Mwendo ukizidishwa mara mbili, upepo wa jioni ukiwa mkali au injini ikisita kurudi nyuma, magunia hayawi manane. Huwa kumi na sita. Hiyo ndiyo kanuni ya maumbile, wala haijali chama kilicho madarakani. Gati lisilohesabiwa kishindo hicho huanza kumeguka pembeni, chuma cha ndani huonja maji, kutu huvimba, saruji hupasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa gati hujengwa kwa kodi ya mama auzaye omena.

Je, ni nini cha kuwekwa mbele ya mpira huo? Zamani ilikuwa mbao, kisha ikawa chuma, na mahali pengi masikini pakaning'inizwa matairi makuukuu. Mbao huoza pale pale maji yanapopanda na kushuka, kwa kuwa huloa na kukauka bila kikomo. Chuma hudai rangi kila baada ya muda, na rangi hudai bajeti, na bajeti ya ukarabati ndiyo ya kwanza kukatwa na ya mwisho kukumbukwa. Siku hizi kuna njia nyingine: paneli za plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, zenye uso wa plastiki ngumu inayoteleza. Hazioti kutu wala hazilowi zikaoza. Kwa ujazo ule ule, uzito wake ni kama robo ya chuma, hata vijana wa mahali wenye winchi ndogo waweza kufundishwa kuzibadilisha bila kungoja mtambo kutoka mbali.

Wala hili si jambo la ndoto. Huko Marekani, baada ya sheria ya maji safi ya 1972, bandari ya New York ilisafika hata wadudu wa baharini walao mbao, maadui wa kale wa mabaharia wa Lamu na Mombasa, wakarudi na kuanza kutafuna nguzo zilizokuwa zimesalimika katika uchafu. Wahandisi wakageukia nguzo na kinga za plastiki iliyoimarishwa. Ziwa letu halina chumvi, na mdudu huyo hatusumbui. Hatutamsingizia mtu asiyekuwapo. Lakini tuna adui wetu mwenyewe, nalo ni ziwa lisilotulia mahali pamoja.

Kumbukeni. Mwaka wa 2006 maji yalishuka hata wavuvi wakavuta mitumbwi juu ya matope mahali walipozoea kuogelea. Mwezi wa Mei 2020 ziwa likapanda likaipita rekodi iliyowekwa mwaka wa 1964, likaingia majumbani na kumeza fuo za kutua samaki. Baina ya kipimo kile cha chini na kile cha juu ni takriban mita 3. Basi mtu akija Sori na mchoro wa dafrau fupi iliyopimiwa siku moja ya kiangazi, mwambieni arudi nao. Maji yakipanda, dafrau itakuwa chini ya chombo. Yakishuka, itaning'inia hewani kama pambo la harusi. Paneli ndefu, iliyofungwa wima kutoka kipimo cha chini hadi cha juu, ndiyo lugha ambayo ziwa hili laielewa.

Sasa tuulize swali la siasa, kwa maana halikwepeki. Kwa nini jambo lililo wazi hivi halikuwa gumzo letu miaka yote hiyo?

Karungu si ghuba ya jana. Wakoloni waliweka hapa kituo chao cha utawala kabla ya kukihamishia Kisii. Mwezi wa Septemba 1914 meli ya Waingereza, Winifred, na ile ya Wajerumani, Muansa, zilikutana katika maji haya, wageni wawili wakigombania mlango wa nyumba isiyo yao. Baadaye meli za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki zikawa zikizunguka ziwa, zikipakua nguo na kupakia mazao, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977. Katika historia hiyo ndefu, ni lini mwananchi wa Karungu aliulizwa gati liwe wapi, liwe na kimo gani, na lilindwe kwa nini? Mkoloni hakuuliza, kwani alitawala kwa bunduki. Chama kimoja, kilichofanywa kuwa sheria mwaka wa 1982, nacho hakikuuliza, kwani kilitawala kwa makofi. Diwani aliyethubutu kuhoji kazi ya umma aliitwa mpinga maendeleo, na baada ya jina hilo yaliyofuata mnayajua.

Ndipo watu wakasimama. Saba Saba ya 1990 haikuwa sikukuu; watu walikufa. Mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa, na vyama vingi vikarudi. Hata hivyo ilitupasa kungoja hadi Katiba ya 2010 ndipo madaraka yaanze kushuka kutoka Nairobi. Na ni wangapi kati yetu waliosoma Jadweli ya Nne ya Katiba hiyo? Isomeni. Sehemu ya pili, mahali inapotaja uchukuzi wa kaunti, imeandikwa waziwazi kwamba feri na bandari ni kazi ya serikali ya kaunti, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na wa kimataifa. Maana yake ni kwamba kivuli cha Nairobi si kisingizio tena. Gati la Sori lina mlango wa kugongwa, nao uko Migori. La Mbita lina mlango wake, nao uko Homa Bay.

Tunawasikia tayari wapingaji. Wa kwanza husema: matairi yanatosha. Tunamjibu kwa haki: kwa mtumbwi wa omena, huenda yakatosha. Lakini feri ibebayo magari na abiria si mtumbwi. Tairi kuukuu halina cheti. Hakuna ajuaye litameza kishindo cha magunia mangapi kabla ya kukatika. Nyaya zake hutoka na kukwaruza. Na likikaa na maji ya mvua tumboni mwake, huwa kitalu cha mbu katika sehemu ya nchi ambayo malaria haihitaji kualikwa.

Wa pili husema: plastiki ni ghali. Naam, siku ya kununua ni ghali kuliko ubao. Lakini mwenye busara hajumlishi bei ya siku moja. Hujumlisha ubao, kisha ubao wa pili, kisha wa tatu, na siku ambazo feri haikutia gati kwa sababu fundi alikuwa akingojewa. Tena kuna mbuta aliyeoza juani siku hizo. Hesabu hiyo na ifanywe mbele yetu, kwa kalamu, si kwa kauli.

Wa tatu ana hoja ya kweli, nasi hatutaificha. Plastiki huchoshwa na jua, na ikichoka humeguka vipande vidogo viingiavyo majini, kisha ndani ya samaki. Mvuvi ana haki ya kuliogopa jambo hilo. Kwa hiyo hatudai plastiki yoyote tu. Twadai iliyotiwa kinga ya jua, iliyojaribiwa, na mkandarasi aandike katika mkataba kwamba paneli iliyochakaa ataiondoa yeye, haitaachwa ielee hadi Muhuru.

Wa nne ndiye hatari kuliko wote, maana huzungumza kwa upole. Husema: haya ni mambo ya wataalamu, waachieni. Ndugu zangu, sentensi hiyo ndiyo ukuta ambao chama kimoja kilijificha nyuma yake. Mtaalamu wa kweli haogopi kuulizwa. Chama cha kimataifa cha wahandisi wa njia za maji na bandari, kilichoanzishwa mwaka wa 1885, kilitoa mwongozo wa dafrau mwaka wa 2002 na kuurekebisha mwaka wa 2024. Humo imeelezwa jinsi ya kukokotoa kishindo na jinsi ya kuzijaribu dafrau kabla hazijauzwa. Mwongozo upo. Anayekataa kuuonyesha haulindi utaalamu, analinda zabuni.

Ziwa hili na bahari yetu vimekwisha kutufunza gharama ya kunyamaza. Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, mamia ya ndugu zetu wa Tanzania. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 200, karibu kabisa na gati la Ukara. Hatusemi dafrau ingewaokoa. Kusema hivyo ni kuwadhulumu marehemu. Twasema kwamba abiria anapokuwa mzigo tu, asiye na haki ya kuuliza chombo kimebeba wangapi, kimekaguliwa lini na kitagusa nini kikifika, kifo hungoja nafasi.

Kwa hiyo madai yetu ni manne.

Kwanza, kazi yoyote ya gati katika Ghuba ya Karungu ioneshwe katika bajeti ya kaunti ikiwa na fungu lake la dafrau na fungu lake la ukarabati, si kwa tarakimu moja iliyofichwa chini ya neno "miundombinu".

Pili, hesabu ya kishindo na michoro ya vimo, kuanzia maji ya 2006 hadi yale ya 2020, ibandikwe ufuoni Sori, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, kabla ya zabuni kutangazwa.

Tatu, cheti cha majaribio cha kila paneli kikabidhiwe kamati ya ufuo, ili paneli itakayoletwa iwe ndiyo iliyolipiwa. Kifungu cha 227 cha Katiba chataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi, wa ushindani na usiotupa fedha. Hatuombi fadhila, twadai sheria.

Nne, vijana wa hapa wafundishwe kuzifunga na kuzibadilisha.

Na mkinyimwa majibu? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi lenu. Andikeni barua. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Siku ya 22 ikifika kimya, pelekeni malalamiko kwa tume ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman. Silaha hii haina moshi, lakini waliokufa wakidai uhuru wa kuuliza hawakuiona maishani mwao. Tusiiache ishike kutu.

Taifa nalo ni gati. Madaraka huja yakiwa mazito, tena mara nyingine kwa mwendo usiopimwa. Anayekaa katikati na kumeza kishindo ni mwananchi anayeuliza, gazeti linaloandika, mpinzani asiyenunuliwa. Chama kimoja kiliing'oa kinga hiyo, na nyufa zake tungali tunazilipia. Tuliirudisha kwa damu mwaka wa 1991. Sasa tuitumie, na tuanze na jambo dogo lililo mbele ya macho yetu.

Atakapokuja mheshimiwa na mkasi wa kukata utepe, mlakini kwa heshima, kama ilivyo desturi yetu. Kisha mzee mmoja asimame, amwulize: "Mheshimiwa, dafrau iko wapi, na karatasi zake ziko wapi?"

Asipojibu, msipige makofi.