Kozi za Watu Wazima Zifuate Bamvua: Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria

Kwako Profesa,
Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania,
Kinondoni, Dar es Salaam.



Nakuandikia kuomba kozi fupi mpya kwa watu wazima wa pwani yetu ya Tanga, kuanzia Moa, jirani na mpaka wa Kenya, hadi Mkwaja, kusini mwa Pangani. Nimekuchagua wewe kwa sababu chuo chako kilianzishwa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi ili wakasome. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, na tangu hapo walimu, makarani, askari na akina mama wenye watoto wamepata shahada huku wakiendelea na shughuli zao. Hapa Tanga mna kituo cha mkoa, na wapo niliofanya nao kazi waliosomea hapo. Nawaombea sasa walioishia darasa la saba, wenye miaka ishirini kazini na wasio na cheti cha kuonyesha.

Kazi za hapa zimebadilika, Profesa. Bandari ya Tanga imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na shehena ikashushwa kwa matishari; sasa zinafunga gatini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Kibarua aliyezoea tishari anahitaji kujua usalama wa mitambo mikubwa na kusoma mkataba kabla ya kutia dole gumba.

Au chukua kikundi cha mama lishe. Sheria za ununuzi wa umma zinatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Nafasi ipo. Lakini zabuni siku hizi zinapitia mfumo wa mtandaoni wa NeST, na mlangoni wanaulizwa namba ya mlipakodi, usajili wa kikundi na akaunti ya benki. Mwenyekiti anayepika wali wa watu mia bila kukosea kipimo anakwama kwenye neno la siri, anampa kijana wa stesheneri amjazie, na siku ya majibu hajui hata ombi lake liliandikwaje. Kozi ya wiki sita ingemtosha: kuweka hesabu, kuandaa zabuni, kuusoma mkataba wote hadi mwisho. Ifundishwe kwa Kiswahili, na mtihani wake uwe wa Kiswahili. Huyu mama hakushindwa hesabu. Tusimfelishe kwa Kiingereza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ratiba. Kozi za watu wazima hupangiwa jioni au Jumamosi, kana kwamba kila mtu mzima anatoka ofisini. Wanawake wa mwani wa Mkinga na Pangani hawaendi kwa Jumamosi, wanakwenda kwa maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hukupwa mno asubuhi, na hapo ndipo wanapoingia kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi vilivyolegea na kuvuna. Ukiweka kipindi asubuhi ya bamvua, darasa litakuwa tupu, na mtu wa Dar es Salaam ataandika kwenye ripoti kwamba mwitikio ulikuwa mdogo. Wiki ya maji mafu, bahari isipokupwa sana, wanawake hao hao wako nyumbani. Wavuvi wa dagaa nao wanavua kwa taa usiku wa giza. Kwenye mbalamwezi wanapumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo ratiba zinatakiwa mbili, na kalenda ya kuzipangia ni ya mwezi, ambayo kila mzee wa Kigombe anaijua kichwani.

Na darasa liwafuate. Mtu wa Bweni lazima avuke mto Pangani kwa kivuko ndipo aanze safari ya mjini. Nauli hiyo peke yake inamaliza hamu ya kusoma. Shule za kata zipo, na mchana zikishafungwa madawati yanabaki bure.

Nchi hii iliwahi kuthubutu zaidi ya hapa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vijijini, redio katikati na kijitabu mkononi. Azimio la Musoma la 1974 likataka mtu afanye kazi kwanza, kisha aende chuo kikuu, na uzoefu wake ukahesabiwa. Kwa moyo huo huo nakuomba kila kozi fupi iwe na alama zinazotunzwa, ili aliyemaliza tatu au nne aweze kuzitumia kuomba cheti, baadaye stashahada, bila kurudishwa mwanzo. Tume ya Vyuo Vikuu ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Chuo chako ndicho kinachofaa kuufikisha ufukweni.

Ratiba ya kwanza ikitoka, naomba isiishie kwenye tovuti. Ibandikwe soko la samaki la Deep Sea, ofisi za vijiji vya Kigombe na Moa, na pale kivukoni Pangani, wiki mbili kabla, watu wapate kupanga na maji yao.

Wako katika elimu,
Mkazi wa Tanga