Arubuni ya Pikipiki Isiyokuwepo

HESABU ZA MTAA
Na Rajabu Mkwizu

Januari 2020, kampuni ndogo ya Vancouver, Kanada, iitwayo Damon ilipeleka Las Vegas pikipiki ya umeme iliyowatoa watu udenda. Nguvu farasi 200, mwendo wa maili 200 kwa saa, maili 200 kwa chaji moja. Ilikuwa na kamera na rada za kumtahadharisha dereva kuhusu gari linalomjia kwa nyuma, na usukani wake ulipanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Watu wakaweka oda. Oda zikaongezeka, kampuni ikawa inatangaza jumla yake kana kwamba ni mauzo. Novemba 2024 Damon ikaingia kwenye soko la hisa la Nasdaq, na wale walioweka oda mwanzoni walikuwa bado wanangoja pikipiki.

Wengi wakisikia habari ya namna hii huuliza kwanza: hawa ni matapeli? Swali hilo halitufikishi mbali. Tapeli hana wahandisi, hana karakana, wala hapeleki mashine yake uwanjani ikapimwa mbele ya wenye mashaka. Kampuni zinazowaacha wateja kwenye mataa mara nyingi zina vyote hivyo.

Chukua Mission Motors ya San Francisco. Februari 2009 ilizindua Mission One kwa bei ya dola 68,995 na kuahidi kuanza kuwakabidhi wanunuzi mwaka 2010. Septemba mwaka huohuo ikaipeleka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, na pikipiki ikapita kwa wastani wa maili 150 kwa saa. Mwaka 2011 ndugu yake wa mashindano, Mission R, akashinda pale Laguna Seca. Mashine zilikuwa za kweli kabisa, na walioziunda walijua kazi. Hata hivyo Mission One haikuingia sokoni. Wahandisi wakaanza kuhamia Apple, Mei 2015 kazi ikasimama, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikaomba kufilisiwa.

Brammo ya Ashland, Oregon, ilikuwa na bahati kidogo. Julai 2010 ilitangaza Empulse. Yenye betri kubwa zaidi ilitajwa kwa dola 13,995, na watu wakaambiwa waitarajie 2011. Ukapita mwaka huo. Njiani mafundi waliamua kuiwekea giaboksi ya gia sita, kitu ambacho pikipiki nyingi za umeme hazina, na uamuzi huo ukarudisha kazi nyuma. Ilitoka mwaka 2012 kwa dola 16,995. Aliyevumilia alipata pikipiki nzuri, ila bei si ile aliyosimuliwa. Mwaka 2015 Polaris wakainunua biashara hiyo ya pikipiki, wakaibandika jina la Victory, na Januari 2017 wakatangaza kuifunga Victory yenyewe.

Pikipiki moja ya maonyesho inaweza kuundwa na mafundi wachache hodari wasiolala. Ya mia inahitaji fedha. Kalibu za kumiminia alumini hulipiwa kabla kipande cha kwanza hakijatoka. Mwenye kiwanda cha seli za betri anataka oda kubwa. Kampuni yenye jina huipa muda wa kulipa, lakini ndogo huambiwa ilete pesa kwanza. Betri ikishakamilika lazima ipite majaribio ya Umoja wa Mataifa yajulikanayo kama UN 38.3: itikiswe, ipashwe joto na kupozwa, ipigwe shoti, ndipo iruhusiwe kupanda meli au ndege. Ukiibadilisha betri kwa kiasi kikubwa, unaanza tena. Muda wote huo mishahara inadaiwa kila mwisho wa mwezi, na hakuna kilichouzwa. Fedha iliyopo ni ya wawekezaji, na ya wateja waliotanguliza arubuni.

Kwangu mimi mashaka yote yanatakiwa yaelekezwe kwenye hiyo arubuni. Anayeitoa huamini amenunua pikipiki ambayo bado haijafika. Kilichotokea ni kwamba ameikopesha kampuni, bila riba, bila dhamana, bila tarehe ya kulipwa. Kampuni ikifa, mfilisi huanza na benki zilizoshika dhamana, gharama zake mwenyewe, mishahara na kodi. Mwenye risiti ya arubuni yuko mwishoni mwa foleni. Sheria ya ufilisi ya Marekani humsogeza mbele kidogo, kwa kiasi chenye kikomo cha dola elfu chache, lakini angalia sharti lake: awe amelipia kitu cha matumizi yake mwenyewe, ya familia au ya nyumbani. Aliyelipia chombo cha biashara hayumo. Maana yake dereva wa bodaboda, hata angekuwa California, angebaki nyuma.

Na huyo ndiye ninayemwandikia leo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania, wanapotangaza bei ya petroli, kijiwe kinanuna, na mwenye kuuza pikipiki ya umeme anapata wasikilizaji. Simlaumu anayesikiliza. Rwanda imeamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria jijini Kigali zisajiliwe za umeme tu. Ampersand pale Kigali, na Roam jijini Nairobi, zimekwisha kuonyesha kwamba vyombo hivi vinapiga kazi barabarani kutwa nzima. Ninachokataa ni wajanja wadogo wanaojificha kwenye kivuli cha mafanikio hayo, wenye pikipiki moja ya kupigia picha na namba ya kupokelea kianzio.

Tajiri wa Vancouver aliyeweka oda ya Damon ana pikipiki nyingine gereji. Kuchelewa kwake ni usumbufu na maneno ya utani kutoka kwa rafiki zake. Kijana wa Mbagala aliyetoa kianzio alichokikusanya kwenye kibubu bado anaendesha pikipiki ya bosi wake, bado anapeleka hesabu kila jioni, na kila wiki ya kucheleweshwa inatoka kwenye mfuko wake. Kampuni inayomwambia "mzigo uko bandarini" kwa mwezi wa tatu mfululizo inaishi kwa jasho lake.

Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wa Ulaya na Marekani hawakulazimika kuliwaza sana. Kwetu huku mtindo unaosambaa ni wa kubadilishana betri: dereva anamiliki pikipiki, betri ni ya kampuni, naye anaiacha iliyokwisha kituoni na kuchukua iliyojaa. Ni mtindo wa busara, maana betri ndiyo ghali, na kutoinunua kunapunguza kianzio. Lakini kwa mtindo huo, siku ya kukabidhiwa pikipiki kampuni imetimiza nusu tu ya ahadi. Nusu nyingine inatimizwa kila siku kituoni. Kituo kikifungwa, dereva anabaki na fremu, mota, na deni.

Kampuni zilizokwisha kukabidhi pikipiki nazo huanguka. Energica ya Modena ndiyo iliyotengeneza pikipiki za mashindano ya MotoE kuanzia 2019 hadi 2022. Oktoba 2024 bodi yake ikaomba kufilisiwa. Cake ya Sweden, iliyokuwa imeunda hadi pikipiki za askari wa wanyamapori kusini mwa Afrika, ilifilisika Februari 2024. Wenye pikipiki hizo walau wana betri zao na wanazichaji nyumbani. Wa betri ya kukodi hana hata hilo.

Kwa hiyo ningependa Tume ya Ushindani, FCC, iache kusubiri malalamiko. Iweke kanuni kwamba kianzio cha chombo ambacho hakijafika nchini kikae kwenye akaunti ya peke yake benki, kampuni isikiguse mpaka mteja akabidhiwe chombo pamoja na kadi. Wenye kampuni watalalamika kwamba tunaua ubunifu. Mbunifu atafute mwekezaji, ambaye kazi yake ni kupoteza fedha anapokosea. LATRA nao, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, kabla hawajasifia mradi kwenye hotuba, waulize vituo vya betri vitaendeshwa na nani kampuni ikiyumba, na kama betri ya kampuni nyingine inaweza kuingia kwenye pikipiki hiyohiyo.

Kanuni hiyo ikikawia, na naijua kasi ya ofisi zetu, dereva afanye hivi. Asilipie picha. Aende akaikute pikipiki, aiendeshe akiwa amepakia mtu, asome mkataba mahali panapotaja betri ni ya nani, na azungumze na madereva wanaoitumia bila muuzaji kusimama pembeni. Awaulize ni mara ngapi wamefika kituoni wakakuta hakuna betri iliyojaa. Akiambiwa mzigo uko njiani, aache namba yake ya simu, apigiwe ukifika.