Petroli ya gari bovu isipitie mdomoni

Gari la zamani likikutwa asubuhi na doa bichi la petroli chini yake, mtu humfikiria fundi, hamfikirii daktari. Ni sawa. Mpira wa kupitishia mafuta ukikaa miaka mingi karibu na injini yenye joto hukauka na kupasuka, na klipu inayoushika hupata kutu. Kubadilisha kipande hicho si kazi ya ajabu, na mimi si miongoni mwa wanaosema mwenye gari asiguse chochote. Wengi wetu tunaendesha magari yaliyokwishatumika miaka mingi kwa watu wengine, na si kila mwezi kuna fedha ya gereji.

Ninachokipinga ni kinachofanyika kabla hata spana haijashikwa. Ili kutoa mafuta yaliyobaki kwenye tangi, mtu huingiza mpira, huweka ncha mdomoni na kuvuta. Mara nyingi anayepewa kazi hiyo ni kijana mdogo wa gereji au mtoto wa nyumbani. Akipaliwa wanamcheka, wanampa maziwa, kazi inaendelea.

Petroli ni nyepesi mno na haina utelezi mzito wa mafuta ya kula. Ikiingia mdomoni hutawanyika upesi, na tone likiteleza kwenye njia ya hewa hufika mbali ndani ya mapafu. Huko huharibu utando unaozuia vifuko vya hewa visishikamane. Mapafu huvimba, hewa haipiti vizuri, na mtu huanza kukohoa na kuhema. Hiyo ni nimonia ya kemikali. Haikuletwa na bakteria, kwa hiyo vidonge vya antibiotiki vya kujinunulia dukani haviwezi kuiondoa. Tumboni petroli hiyohiyo kwa kawaida huleta madhara madogo kuliko kwenye mapafu, na wazazi wengi hawalijui hilo.

Kwa sababu hiyo nasisitiza: aliyemeza petroli asitapishwe. Asitiwe kidole kooni, asinyweshwe maji ya chumvi wala mafuta ya kula. Akitapika, petroli hupita tena kooni na kupata nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Maziwa nayo hayakati sumu hii, yanajaza tumbo tu na kuongeza uwezekano wa kutapika. Najua bibi zetu walifundisha maziwa, na walikuwa na nia njema, lakini kwa petroli na mafuta ya taa tuyaache.

Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha nenda naye hospitali hata kama anaonekana mzima. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na ndiyo maana mtoto aliyepaliwa na petroli huangaliwa hospitali kwa saa sita au zaidi kabla ya kuruhusiwa. Mama asione ni usumbufu. Njiani tazama kifua chake. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anayevuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayebonyea chini ya mbavu, au anayesinzia isivyo kawaida, anahitaji oksijeni mapema. Chukua na chupa yenyewe, umwonyeshe muuguzi alichokunywa.

Nimetaja chupa. Mafuta yaliyotolewa kwenye tangi yanakwenda wapi? Kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, kisha pembeni ya mlango, eti fundi atarudi kesho. Mtoto wa miaka miwili akitoka kucheza na kiu haulizi. Huyu mimi simwiti mtundu. Tumemfundisha wenyewe kwamba chupa ile ni ya kinywaji. Mafuta yawekwe kwenye dumu la mafuta lenye mfuniko wa kukaza, juu asipofika, nje ya chumba cha kulala. Na kuyatoa hakuhitaji mdomo: pampu ndogo ya mkono inauzwa kwenye maduka ya vipuri.

Kuhusu moto nitasema machache, ingawa ndio unaoua haraka zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini kama maji na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua. Fanya kazi nje, injini ikiwa imepoa, waya wa hasi wa betri ukiwa umefunguliwa, watoto wakiwa mbali. Gari lenye pampu ya umeme hubaki na msukumo kwenye mpira hata likiwa limezimwa, na ukiufungua ghafla petroli hurukia machoni. Ikitokea, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Sabuni ya mche kwenye tundu la tangi ni ya kukufikisha gereji iliyo karibu, si ya kuishi nayo. Tangi lililotoboka lisichomelewe nyumbani, hata kama ni tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Tuliopo Tanzania hatuhitaji kukumbushwa Morogoro, Agosti 10, 2019, pale petroli ya lori lililopinduka ilipowaka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai, asali na unga vibaki jikoni, kwani vinatupa kazi ya kuvibandua kwenye kidonda kabla hatujaona kina chake. Mfunike kwa kitambaa safi, umwahishe.

Nguo za kazi zenye petroli zianikwe kwanza nje, mbali na moto, hadi harufu iishe, kisha zifuliwe peke yake. Zisichanganywe na nepi za mtoto.