Kipwa imeingia: tuhesabu bidoni mbele ya matuta

Asubuhi hizi tatu mmesikia wenyewe: watoto hawataki kutoka ndani ya blanketi, na maji ya bidoni iliyolala nje yanauma vidole. Mvua imekwisha, kipwa imeingia Lubumbashi. Jumamosi tulikaa pamoja kuhesabu mavuno ya lupango, kama kila mwaka mwezi wa tano ukianza.

Mama mmoja wa Katuba, mwenye kipande kidogo nyuma ya jikoni, alipata meka nne za mahindi. Ni kidogo, lakini tangu mwezi wa kwanza hajanunua kibwabwa sokoni, na hilo halikuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote. Mama wa Kalubwe alivuna magunzi matupu. Alichelewa kupanda, akaweka mbegu baada ya Bonane, na mvua ikakatika mahindi yakiwa yanatoa maua. Viazi vitamu vya Kisanga vilikuwa vizuri, ila panya walikula sehemu yao kwanza. Karanga tusiziseme.

Tulipofika kwenye vitunguu, wote tulinyamaza. Wanaosoma ukurasa huu tangu mwaka jana wanajua sababu. Sisi ndio tulioandika hapa: "Limeni matuta mengi ya vitunguu wakati wa kipwa, vina bei nzuri masomo yakianza." Juu ya maji hatukuandika hata neno moja.

Mama sita wa avenyu moja walitufuata. Walichota maji katika kishima kimoja, cha jirani aliyewafungulia lupango yake bila kuomba franka. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba, hakuna shida. Mwezi wa nane kamba ikaongezwa. Mwezi wa tisa joto likaja, na kufika saa sita mchana ndoo ilikuwa inaleta matope. Mwenye kishima akaweka kufuli. Maneno yakatoka: ana moyo mgumu, ana wivu. Lakini watu wa nyumbani kwake na wapangaji wake walikuwa wanakunywa maji hayo hayo. Alifunga ili watoto wapate cha kunywa.

Vitunguu vilibaki na ukubwa wa kidole gumba, vikikosa wiki mbili tatu tu. Pesa ile ilikuwa ya makaye na iniforme. Msichana mmoja wa sekondari aliingia darasani mwezi wa kumi ukielekea mwisho. Na mpaka leo kuna mama wawili wasiosalimiana kanisani. Mwenye kishima hakuwa na kosa. Tulikosea sisi tulioandika, na Jumamosi tulimwambia hivyo mbele ya wote.

Kwa hiyo mwaka huu tunaanza na bidoni. Tuta la mita 10 kwa mita moja linataka lita 40 mpaka 50 kwa siku, ndiyo kusema bidoni mbili mpaka mbili na nusu za lita 20. Wakati wa baridi unaweza kupunguza kidogo, na mwezi wa tisa utaongeza, utafika bidoni tatu au kupita. Matuta matano ni bidoni 15 kila siku ya joto, na maji ya kupika, kufua na kuoga hayajahesabiwa. Nenda kwenye kishima chako sasa, pima kamba, funga fundo pale maji yanapoanzia. Pima tena kila mwisho wa mwezi. Fundo likishuka haraka, usifungue tuta jipya, hata kama mbegu unayo mkononi. Wanaochangia kishima kimoja wapatane sasa, maji yakiwa mengi na mioyo ikiwa baridi: kila mmoja matuta mangapi, na mwenye kishima ndiye anasema neno la mwisho.

Sasa, nini cha kupanda? Shu na shu ya Kichina vinapenda baridi hii. Shu ya Kichina inatoka kwa siku 45 mpaka 60, kwa hiyo unaweza kuivuna mara mbili mbele ya joto. Karoti zinachukua kama miezi mitatu. Mbegu yake usihamishe, ipande palepale itakapokulia. Lengalenga na matembele vitakua polepole, msivikasirikie. Mahali ambapo wakati wa mvua ulikata lengalenga baada ya wiki tatu au nne, sasa utangoja zaidi. Nyanya, tunaona afadhali kuweka mbegu kitaluni baridi ikianza kuvunjika, mwisho wa mwezi wa saba.

Vitunguu hatuvikatazi. Aliye na miche tayari aihamishe mwezi huu, tuta moja au mawili, avune mwezi wa nane ukiisha au wa tisa ukianza. Majani yakianza kulala chini, acha kumwagilia. Yanayolala yenyewe ndiyo yanayosema kitunguu kimekomaa. Asiye na miche aache mwaka huu. Mbegu ya kitaluni inataka wiki sita mpaka nane kabla ya kuhamishwa, na hesabu hiyo inakurudisha moja kwa moja kwenye matope ya mwezi wa tisa.

Mwagilia asubuhi, jua likishapasha udongo, si jioni baridi ikishuka. Funika udongo na majani makavu ili usikauke, lakini uyainue mara kwa mara, maana michwa yetu ya hapa haihitaji kualikwa. Mavi ya kuku yalale kwanza mpaka harufu ikatike. Mabichi yanaunguza miche. Chawa wa shu, waondoe kwa mkono na maji ya sabuni. Anayetumia dawa ya duka asome siku za kungoja kabla ya kukata mboga. Tumesikia ya mtu aliyepulizia Alhamisi na kuuza Ijumaa. Hatutaki kusikia tena.

Na udongo wenyewe. Mji wetu ni mji wa shaba tangu 1910, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta madini kama shaba, kobalti, risasi na kadimiamu katika udongo wa sehemu kadhaa na katika mboga zake. Kuosha majani kunaondoa vumbi, lakini kile ambacho mzizi umekunywa hakiondoki. Msichote udongo karibu na mabaki ya kiwanda, wala msimwagilie na maji ya mto yanayotoka chini ya viwanda. Ikiwa lupango yako iko upande huo, njoo tuongee. Kuna nafasi tatu katika shamba la kikundi kule Kisanga.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, tunakutana palepale kwenye kishima. Mwenyewe ameondoa kufuli na ametuita. Kila mmoja aje na kamba yake, na mwenye miche ya shu iliyozidi ailete kwenye majani ya ndizi yaliyolowa. Wale mama wawili tumewatuma watu wa kuwaita, kila mmoja kwa upande wake.