Ndugu wa Tanga na duka la Wete

Wete, Pemba, kuna mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi na wana watatu waliokulia nyuma ya kaunta. Baada ya Idi, wa pili alisema anakwenda Tanga kufungua duka lake mwenyewe. Mzee hakugomba. Alinyamaza tu, na kunyamaza huko kukafika mwezi wa pili. Kijana akipiga simu, mama ndiye anayepokea.

Mzee huyu ni mpenzi wa Simba Wanyika tangu ujana wake. Nyimbo anazijua zote. Yaliyowapata wapigaji wenyewe hakuwahi kuyafuatilia.

Wilson, George na William Kinyonga walikuwa ndugu, wenyeji wa Tanga hiyo hiyo inayotazamana na Pemba. Wilson na George walianza katika Jamhuri Jazz mwaka 1966, wakahamia Arusha mwaka 1970, kisha wakaenda Nairobi, na huko ndiko Simba Wanyika ilikopata jina. Mwaka 1978 wapigaji wao wa kutegemewa wakaondoka kwa mkupuo: Omari Shabani wa gitaa la rithimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa ngoma. Wakaunda Les Wanyika, na "Sina Makosa" yao ikavuma Afrika Mashariki nzima.

Uchungu wake si mdogo. Watu wameondoka, wamechukua na nusu ya jina, halafu kila redio inawapiga wao. Mwenye duka yeyote analiogopa jambo hilo, ingawa ukweli ni kwamba kama wasingeondoka, wimbo ule huenda usingekuwepo.

Mwaka 1980 ikawa zamu ya damu yenyewe. George alianzisha bendi yake, Orchestra Jobiso. Nyumba nyingi huvunjika hapo: mgeni akiondoka husamehewa, ndugu akiondoka huitwa msaliti. Lakini George aliendelea kupiga na kurekodi na ndugu zake, huku na bendi yake anayo.

Albamu ya "Pepea" ilitoka Uholanzi mwaka 1992. Enzi za bendi zilikuwa zimekwisha pita, na vijana wa mjini walishahamia muziki mwingine. Mwaka huo huo George alifariki. Wilson alifariki mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo. Kwa hiyo "Pepea" ndiyo iliyobaki kuwa albamu yao ya mwisho, na mle ndani Wilson na George wako pamoja.

Binti wa mwisho wa mzee ndiye aliyeyatafuta haya kwenye simu, usiku mmoja baada ya Isha, akamsomea baba yake.

"Kwa hivyo George alirudi?" mzee akauliza.

"Hakurudi, baba. Alikuwa na bendi yake, na kwa ndugu zake akipiga pia."

Mzee akamwambia arudie ile miaka. Binti akairudia: 1980, 1992. Mzee akahesabu kwa vidole, kisha akaomba awekewe wimbo.

Asubuhi simu ya mama ililia. Kabla hajaipokea, mzee alinyoosha mkono. Hakusema habari ya kusamehe wala ya kusamehewa. Alimuuliza mwanawe mfuko wa saruji Tanga unauzwa shilingi ngapi.